Anakagua vidonge vya mafuta ya samaki kutwa, ila usimuulize unywe vingapi

Saa mbili asubuhi kengele inalia na taa iliyo chini ya meza ya kioo inawaka. Vidonge vya mafuta ya samaki vinamiminika kutoka kwenye mdomo wa bati, vinatapakaa mezani, kisha vinasogea taratibu kuelekea upande wa pili ambako chupa zinasubiri. Mwanamke aliyevaa kofia ya kitambaa na barakoa ameviinamia. Mkono wake wa kulia unashuka, unadonoa kimoja, unakitupa kwenye ndoo. Unashuka tena.

Mwandishi wa makala haya alisimama kando yake mpaka macho yakaanza kumtoka machozi, na hakuona tofauti yoyote. Kila kidonge kilikuwa sawa na mwenzake, rangi ya asali, kinene kama haragwe, kinang'aa.

"Hiki kina pumzi ndani," anasema bila kuinua uso. "Hiki kinavuja. Hakijavuja sana, ila kinavuja. Hawa ni pacha, wamegandana kwa joto. Na hiki rangi imekolea mno, mafuta yake yamekaa muda mrefu."

Hapa kiwandani wanamwita Macho. Jina lake halisi lipo kwenye kadi ya kazi, lakini hata msimamizi wa zamu, siku akiwa na adabu zake, humwita Mama Macho.

Kiwanda chenyewe hakitengenezi vidonge. Kinavipokea vikiwa ndani ya mapipa ya plastiki, kinavikagua, kinavitia kwenye chupa na kubandika lebo. Meza ya Macho ndiyo ya kwanza, na kisichompita yeye hakifiki dukani. Amekikalia kiti hicho kwa miaka kumi na mmoja.

Kabla ya hapo alikuwa akifua nguo za watu, mpaka sabuni ikamla vidole. Mumewe ni fundi wa kuchomelea vyuma, mtu wa maneno machache, na kwa mshahara wa hapa na cheche za kule wamesomesha watoto watatu na kulipa kodi ya vyumba viwili. Mume huyo hajawahi kumeza hata kidonge kimoja.

"Hata umfunge kamba," anasema Macho na kucheka. "Anasema akitaka samaki atamtafuta mwenye mifupa."

Mtaani kwao mambo ni mengine. Huko Macho ni daktari wa samaki, cheo ambacho hakukiomba na ambacho hakuna shule iliyompa. Akitoka kazini jioni hafiki mlangoni bila kusimamishwa mara mbili tatu. Swali ni lile lile: ninywe vingapi kwa siku?

"Miaka yote hiyo nimekuwa nikijibu," anasema. "Kwa nini nisijibu? Mtu anakuheshimu, anakuita daktari, utamwambia hujui? Nilikuwa nasema viwili. Nikimwona mnene, vitatu."

Fundi cherehani wa jirani yeye hunywa vinne. Alipoulizwa na mwandishi sababu yake, alisema vinamsaidia macho, na kwa kuwa ana macho mawili, kila jicho linapata viwili. Mama muuza mikate wa pembeni yake anakunywa viwili, kimoja kwa kila goti. Wote wawili walikuwa wakisema kweli kabisa, bila chembe ya utani.

Mwandishi akaona afadhali aulize kunakojulikana. Lebo ya chupa inasema kimoja hadi viwili kwa siku, pamoja na chakula. Kila kidonge, inaendelea, kina miligramu elfu moja za mafuta. Hapo mtu anaweza kufunga daftari na kwenda zake.

Lakini mtaalamu wa maabara wa kiwanda, kijana mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alitikisa kichwa. "Usihesabu mafuta," alisema. "Hesabu omega-3. Ndani ya hizo elfu moja, omega-3 zenyewe huenda ni mia tatu tu. Mengine ni mafuta ya kawaida."

Basi mtu anahitaji omega-3 kiasi gani? Mtaalamu akasema washauri wengi wa afya hutaja miligramu mia mbili na hamsini hadi mia tano kwa siku kwa mtu mzima asiye na maradhi. Halafu akaongeza kwamba wapo wanaotaja zaidi. Halafu akaongeza kwamba anayekula samaki mara mbili kwa wiki huenda hahitaji kidonge hata kimoja. Mgonjwa wa moyo ana hesabu yake kwa daktari wake, na anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda aulize kwanza kabla hajameza chochote.

"Kwa hiyo jibu ni lipi?" mwandishi aliuliza.

"Jibu la nani?" alisema kijana yule.

Mwandishi aliingia na swali moja akatoka na manne, na kwa kweli mpaka leo hajui chupa iliyo juu ya kabati lake aifanyeje. Ila kuchanganyikiwa kwake ni kwa mtu anayeweza kuchanganyikiwa na bado akalala usingizi. Kwa Macho haikuwa hivyo.

Mtoto wake wa kwanza ni binti, msusi, anaishi na mumewe mitaa mitatu kutoka kwa mama yake. Mimba yake ya kwanza ilitoka. Ya pili ikatoka pia, tena ikiwa kubwa, nguo za mtoto zikiwa zimeshanunuliwa. Ilipoingia ya tatu hakumwambia mtu yeyote isipokuwa mumewe na mama yake, na kwa mama yake alisema kwa kunong'ona, mlango ukiwa umefungwa.

"Mimi nikasema safari hii hakipotei kitu," anasema Macho. "Nitampa kila kilicho kizuri. Na mimi kizuri ninacho, si nakishika kutwa nzima?"

Hapa lazima mgawo uelezwe. Vile vidonge pacha, vilivyogandana, mashine ya kuhesabia huvikataa, lakini mafuta yake hayana kasoro. Basi mwisho wa mwezi wafanyakazi hugawiwa. Kila mtu hupewa mfuko wa nailoni, hauna jina, hauna lebo, umejaa vidonge vya siku mbalimbali vilivyochotwa kwenye ndoo moja ya pacha. Mwenye kuuza anauza, mwenye kumeza anameza, na yupo mwenzao mmoja anayempikia mbwa wake.

Macho alipopata mfuko wa mwezi ule hakumpelekea binti yake hivyo hivyo. Jumapili asubuhi aliosha kioo cha dirisha kilichobaki kwenye karakana ya mumewe, akakilaza juu ya viti viwili mbele ya mlango ili mwanga upite chini yake, akamwaga vidonge vyote juu. Akawatenganisha pacha mmoja mmoja. Kisha akafanya anachokifanya kila siku, ila safari hii kwa ajili ya damu yake.

Alitafuta vyeupe zaidi. Kazini kwake rangi iliyokolea ni dalili mbaya, na kilicho cheupe na chepesi ndicho kisafi. Mfukoni mle vilikuwemo vingi vya rangi ya asali, na vichache vilivyopauka, vinapitisha mwanga kama maji ya limau. Akavichambua hivyo vilivyopauka, kimoja kimoja, akavitia kwenye kopo safi. Vilivyobaki akamgawia fundi cherehani.

"Ilinichukua asubuhi nzima," anasema. "Mume wangu aliniambia, wewe mwanamke, hata leo huna mapumziko? Nikamwambia leo ndiyo kazi yenyewe."

Binti alianza kuvimeza mimba ikiwa haijatimiza hata miezi mitatu. Viwili kila asubuhi. Kwa nini viwili? Macho anajibu kwa aibu kidogo: kwa sababu vilikuwa pacha, akaona si vizuri kuwatenganisha mara ya pili. Mwezi uliofuata akachambua tena, akapeleka tena.

Kliniki waliagiza kila mjamzito aje na vyote anavyomeza, hata vya kienyeji, hata vya jirani. Binti akaenda na vidonge vya kuongeza wekundu wa damu alivyopewa pale pale, na kopo la mama yake.

Muuguzi alilifungua, akanusa. "Hivi ni nini?"

"Vya mafuta ya samaki. Mama yangu anafanya kazi huko."

"Ya samaki au ya ini la samaki?"

Binti hakujua. Alimpigia mama yake simu hapo hapo, ikiwa saa ya chakula cha mchana kiwandani, na akamwekea muuguzi sauti ya juu.

"Samaki ni samaki," Macho anakumbuka alivyojibu, mdomo umejaa wali. "Ini lake si limo humo humo ndani ya samaki? Mwambie dada nesi asiwe na wasiwasi, nimevichagua mwenyewe."

Muuguzi hakucheka. Alieleza taratibu kwamba mafuta ya samaki hukamuliwa kwenye mwili wa samaki, na ya ini hukamuliwa kwenye ini, na kwamba ini lina vitamini A nyingi. Vitamini A ikizidi mno, hasa ujauzito ukiwa mchanga, inaweza kumdhuru mtoto. Ndiyo sababu wajawazito huambiwa wakae mbali na mafuta ya ini. Akasema binti asivimeze tena mpaka ijulikane ni mafuta yapi.

"Sahani niliiacha pale pale," anasema Macho. "Nikawaona wenzangu wanazungumza, midomo inacheza, sisikii maneno."

Alimwendea msimamizi wa zamu. Msimamizi akasema kiwanda kinafungasha mafuta ya samaki, basi. Macho akashusha pumzi, akarudi mezani, akakagua kwa kama nusu saa. Kisha akamsikia mtunza stoo akisema mbona walishawahi kupokea mapipa ya mafuta ya ini, mwezi mmoja hivi, kwa mteja aliyeyataka. Macho akainuka tena. Msimamizi akakuna kichwa. Ni kweli, alisema, lakini yalikuwa mapipa machache.

"Mezani kwangu yalipita?"

"Yalipita. Kwani yangepita wapi?"

"Na kwenye mgawo yakaingia?"

Hapo msimamizi akapata ukali. "Mgawo ni zawadi, mama. Zawadi haiwekewi lebo."

Kwa hiyo vya ini vilikuwemo, ila ni vipi kati ya vile vyote? Macho alijipa moyo kwamba kwenye mfuko mzima ingekuwa bahati mbaya mno binti yake awe amemeza hivyo vya ini tu. Kesho yake alikwenda kwa binti, akachukua kopo, akalipeleka maabara. Na kwa kuwa ni mtu wa haki, akapita kwa fundi cherehani akaomba vile vya rangi ya asali pia. Fundi alimpa kwa shingo upande.

Yule kijana mwenye miwani ya uzi alivitazama, akavipasua vichache, akaenda zake ndani. Macho alisubiri kwenye benchi. Anasema alikuwa akiomba Mungu kwa maneno ambayo hata yeye hakuyaelewa.

Kijana alirudi ameshika sahani mbili. "Hivi vyenye rangi ni vya samaki," alisema. "Hivi vilivyopauka vyote ni vya ini, mama. Ulivipataje vingi hivi pamoja? Kwenye mgawo vimechanganyika."

Macho alimwambia alivyovipata. Kijana akakaa kwenye benchi kando yake.

Kwa maneno mengine, mtu asiyejua chochote, aliyechota tu konzi moja na kumpa mwanawe, angempa zaidi vya samaki na vichache vya ini. Ilihitajika kazi ya miaka kumi na mmoja ili mtu aweze kumpa mwanawe vya ini peke yake, bila kukosea hata kimoja. Mwandishi amejaribu kutafuta namna ya kuliandika hili lisiume, na hajaipata.

Binti aliipokea habari hiyo akiwa anasuka. Alimaliza kichwa cha mteja mpaka mwisho, akamtoa nje, akafunga mlango.

"Mama," alisema, "ungenichotea tu."

Akachukua ufagio, akaanza kufagia nywele. Macho anasema afadhali angemtukana.

Daktari walimwona wiki hiyo hiyo, mwanamke mwenye haraka na sauti ya upole. Kijana wa maabara alikuwa ameandika kiasi cha vitamini A kilichomo kwenye kila kidonge kama kilivyotajwa kwenye mapipa. Daktari akapiga hesabu, akauliza binti anakula nini, anakula maini ya ng'ombe au la, anameza vitamini gani nyingine. Mwisho akasema kwa vidonge viwili kwa siku, na kwa chakula hicho, kiasi hakikuvuka mpaka uliowekwa kwa wajawazito. Aache, aendelee na kliniki, na mimba ikisogea atapigwa picha ya tumbo iangaliwe vizuri. Inaelekea hakuna tatizo, alisema.

Neno hilo ndilo linalomnyima Macho raha.

"Nilimuuliza, inaelekea maana yake ndiyo au hapana? Akasema maana yake inaelekea." Anavua glavu, anaikunja, anaivaa tena. "Mezani kwangu hakuna inaelekea. Kinavuja au hakivuji. Sasa huyu mtoto tumboni nimweke upande gani?"

Mwandishi alimuuliza kama hakufarijika kusikia kwamba mpaka haukuvukwa. Alisema alifarijika sana, akalia kwa furaha mpaka kituo cha teksi. Halafu akakumbuka kwamba mimba mbili za mwanzo pia kila mtu alisema inaelekea ziko salama, na wakati huo hakukuwa na kidonge chochote. Kwa hiyo hajui aogope nini hasa. Anaogopa tu.

Mtaani ameanza kujibu tofauti. Akiulizwa vingapi, anasema hajui, nendeni mkaulize hospitali, na msome mlivyo navyo ni vya samaki au vya ini. Watu hawakulipokea vizuri. Mama muuza mikate anaamini Macho amepandishwa cheo na sasa anaringa. Fundi cherehani ana maelezo yake.

"Wamemfunga mdomo kazini," alimweleza mwandishi kwa sauti ya chini, huku akitia uzi sindanoni kwa mara ya tatu. "Kuna jambo kubwa kwenye hivyo vidonge. Mimi sasa nakunywa vitano."

Kiwandani mgawo umesimamishwa kwanza. Wapo wenzake waliomnunia kwa hilo, hasa mwenye mbwa. Msimamizi anasema utarudi, safari hii mifuko itatenganishwa, lakini hakutaja lini. Macho amemwambia hata ukirudi, wa kwake wampe mwingine.

Mume wake, yule wa maneno machache, ndiye aliyefanya jambo ambalo hakuna aliyelitarajia. Alikichukua kile kioo cha dirisha akaenda nacho kwa binti, akakifunga kwenye dirisha la saluni lililokuwa na kadibodi tangu mvua za mwaka jana. Jioni binti alimpigia mama yake simu, mara ya kwanza baada ya siku nyingi, akamwambia saluni ina mwanga sasa.

Walizungumza mambo ya kawaida. Miguu imevimba. Mtoto anapiga teke usiku. Mteja mmoja ametaka nywele za rangi ya machungwa, zikamkaa vibaya, akalia. Macho anasema alikuwa akisikiliza huku ameziba mdomo kwa kanga, asije akasema neno la kuharibu.

Kabla ya kukata simu binti akasema, "Alhamisi ndiyo picha. Utaingia na mimi, mama?"

Alhamisi hiyo ni wiki ijayo. Macho ameomba ruhusa ya siku nzima, na msimamizi ametoa bila maneno. Ameshafua kanga atakayovaa. Ameshauliza njia fupi ya kufika, ingawa hospitali anaijua. Jambo moja tu ndilo lililokuwa likimtatiza, kwa sababu ameambiwa kwamba kwenye chumba kile taa huzimwa, na mtoto anaonekana kwenye kioo chenye mwanga, mzima mzima, vidole na yote.

Mwandishi alidhani hilo litamfurahisha. Macho alitikisa kichwa. Vidonge vilikuwa vikipita chini ya mkono wake na safari hii hakuvitazama.

"Mimi sitaangalia," alisema. "Najijua. Nikiangalia tu, nitaanza kutafuta kasoro. Nitamshika mwanangu mkono na nitamtazama yeye usoni, mpaka mwisho. Akicheka, basi."